Sakafu ya Bibi Cecilia

Jumamosi ile ya mwezi wa nne, duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Masasi lilijaa watu mpaka barazani. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kushindania korosho, fedha zilikuwa zimeingia mikononi mwa watu ambao hawakuzizoea, na kila mmoja alitaka zionekane juu ya nyumba yake. Aliyeezeka nyasi alitaka bati, na mwenye bati alitaka vigae.

Agatha alisimama mbele ya kaunta. Gauni lake la kitenge cha zambarau lilimkaa vizuri kiunoni, nywele alisuka twende kilioni, na mkononi alishika kigae cheupe kinachong'aa kama sahani ya harusi.

"Nifungie boksi nane za hivi," alimwambia muuzaji. "Ni vya chumba cha bibi yangu."

"Na sanda umfungie kabisa," sauti ikasema nyuma yake.

Agatha akageuka. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, shati la drafti limepauka mabegani, bisibisi ya kupimia umeme imekaa mfukoni mahali ambapo makarani huweka kalamu. Hakuonekana kama mtu aliyetukana. Alionekana kama mtu aliyetoa ushauri na sasa anasubiri ashukuriwe.

"Kaka, tunajuana?"

"Bado. Lakini bibi yako namjua kidogo, kwa kuwa na mimi ninaye. Kigae hicho kikilowa kinateleza kuliko bamia. Chukua hivi vyenye chenga, havina uzuri wa kujivunia ila mtu habomoki nyonga."

"Wewe fundi vigae?"

"Fundi umeme. Vigae nalaza pia, njaa haichagui kazi. Naitwa Vitalis, kwetu Chiwata."

"Basi, fundi umeme usiyeulizwa," Agatha alisema, akijitahidi asicheke, "unajua kutia moto sakafu?"

Watu wa foleni walicheka kwa niaba yake. Vitalis hakucheka. Akauliza, "Moto wa namna gani?" Na Agatha, ambaye alitumwa kununua vigae tu, akajikuta anamweleza mgeni habari za ukoo mzima.

Mjomba wake Anselmo, mnunuzi wa korosho na mzee wa kanisa, alikuwa amejenga nyumba mpya Newala, pale ukingoni ambapo nchi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini. Mahali pazuri kwa macho, pabaya kwa mifupa. Mwezi wa sita ukungu hupanda kutoka bondeni na kukaa vyumbani mpaka saa nne asubuhi, na Bibi Cecilia, mama yake Anselmo, alikuwa na baridi yabisi iliyomla magoti. Sasa mjomba mdogo, Gervas, aliyekuwa akiishi Denmaki, alituma mzigo: wavu wa plastiki ulioviringishwa, na juu yake waya mwekundu umepinda kwenda na kurudi kama mistari ya daftari. Barua yake ilisema kule Ulaya hulazwa chini ya vigae, mtu akiwasha swichi sakafu inapata joto.

"Mafundi watatu wameukimbia," Agatha alisema. "Umewahi kuufanya?"

"Sijawahi kuuona," Vitalis alijibu. "Lakini waya ni waya. Una karatasi yake yenye michoro?"

Hapo ndipo Agatha alipompenda kidogo. Wale watatu walisema wanaujua.

*

Kazi ilianza mwezi wa tano. Vitalis aliisoma michoro siku mbili nzima kabla ya kugusa kitu, kisha akamwomba Agatha amshikie ncha ya wavu wakati yeye akiutandaza chumbani kwa Bibi.

"Usikanyage," alimwambia. "Na viatu vua. Waya huu ni mmoja tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukikatwa hapa, chumba chote kimekufa. Ukichubuka tu, umeme unatorokea ardhini na swichi inajikata yenyewe."

"Kumbe mnafanana, wewe na waya wako. Neno dogo tu, umezima."

"Mimi nazima kwa wengine. Kwako nawaka bila jenereta."

"Maneno ya Chiwata hayo."

"Ya Chiwata yana bei nafuu, mama, chukua."

Akatoa mita yake ya kupimia umeme, akagusisha ncha zake kwenye waya, na sindano ikasimama kwenye arobaini na nne. Akaandika namba hiyo kwenye kidaftari. Akaeleza kuwa kazi hii hupimwa mara tatu: kabla ya kumwaga chokaa na saruji juu ya waya, baada ya kumwaga, na tena kabla ya kulaza vigae. Vigae vikishakaa, kupima ni kama kuuliza hali ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga Masasi kufanya kazi nyingine, na akawa anapiga simu kutoka posta. Nyumba ya Anselmo ilikuwa na simu ya mezani, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Agatha alijifunza kuipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Haloo, hapa ni kwa mzee Anselmo."

"Naulizia hali ya sakafu."

"Sakafu haijambo. Inasema imekumisi."

"Mwambie Gatha wangu, aliye karibu na hiyo sakafu, kwamba nimekula ugali na mlenda peke yangu na haukushuka."

"Mlenda usioshuka? Hapo fundi umedanganya."

Mwisho wa mwezi Vitalis alituma mshenga, mzee Dastani, na barua ya posa. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya binti wa dada yake, na mama yake Agatha alikwisha kufa zamani, kwa hiyo neno lote lilikuwa la Anselmo. Anselmo alisoma barua, akaikunja, akacheka kicheko cha mtu anayependa kutazamwa.

"Mwambieni kijana hivi. Tarehe tano mwezi wa saba padri anakuja kubariki nyumba. Sakafu ya mama yangu ikipata joto mbele ya wageni, posa nimepokea. Isipopata, asirudi hapa na mshenga wala na mita."

Agatha alisikia kutoka jikoni. Hakuogopa. Alishaiona ile arobaini na nne kwa macho yake.

*

Saruji ilimwagwa juu ya waya, Vitalis akapima mara ya pili, sindano ikasimama palepale. Akashuka Masasi siku tatu kuchukua vigae. Na siku ya pili yake, saa tano ya mchana, mjomba akiwa ghalani, Bibi Cecilia akamwita Agatha na kumwambia afunge mlango wa mbele.

"Majaliwa amefika," Bibi alisema. "Anakuja kuizindika nyumba, husuda isiingie."

Majaliwa alikuwa mganga kutoka bondeni, mzee msafi mwenye koti la kaki na kikapu kidogo. Agatha alishtuka. Nyumba ya mzee wa kanisa, nyumba inayosubiri padri.

"Bibi, mjomba atasemaje?"

"Mjomba wako hatajua. Nyumba ya kwanza Newala yenye sakafu ya moto, na watu wanachota maji kilomita ngapi? Unadhani wanalala usingizi? Nimezika watoto wanne, mama yako akiwa wa mwisho. Sitazika wa tano kwa sababu ya vigae." Akamshika mkono. "Na wewe ulisikie. Zindiko likisemwa linamgeukia aliyeliagiza. Ukifungua mdomo, mimi ndiye nitakayekwenda."

Mganga aliingia chumbani. Pembe nne za chumba alizitia misumari minne ya inchi sita, iliyofungwa nyuzi nyekundu na kitu cheusi. Agatha alishusha pumzi, maana Vitalis alimweleza kuwa waya haufiki ukutani, umeachwa mbali upana wa kiganja na zaidi. Kisha mganga akauliza kitanda kitakaa wapi. Bibi akaonyesha katikati. Majaliwa akapiga magoti na msumari wa tano.

"Hapo hapana, babu," Agatha alisema.

"Kwa nini?"

"Kuna waya."

"Waya na uhai wa bibi yako, kipi kikubwa?"

Agatha alimtazama Bibi. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni akiwa na miaka saba, siku ya mazishi ya mama yake, na hakuwahi kumshusha. Akanyamaza. Nyundo ikalia mara nne, na baadaye Agatha mwenyewe akakoroga saruji kidogo kwenye kibakuli, akaziba mashimo.

Vitalis aliporudi, viraka vinne vya pembeni hakuviona. Cha katikati alikiona kabla hajatua mfuko.

"Hapa pamefanya nini?"

Mita alikuwa ameishika mkononi. Akaibonyeza, sindano haikuinuka. Betri ilikuwa imekwisha, ile betri ya mraba ambayo Newala nzima haikuwepo. Ilibidi kurudi Masasi. Akakaa kitako, akamtazama Agatha. Leo hii Agatha angeweza kukueleza rangi ya shati alilovaa, na kwamba shavu la kushoto lilikuwa na vumbi la saruji.

"Gatha, nani aligusa hapa?"

"Ndoo ilianguka," alisema. "Ikamega kidogo. Nikaziba."

"Ndoo tu?"

"Ndoo tu."

Vitalis akaitazama mita, akautazama mlango, barabara ya Masasi iliko. Kisha akatabasamu na kuiweka mita mfukoni. "Ningekuwa kwa mtu mwingine ningepanda gari nikafuate betri. Lakini nikianza kukupima wewe, nitaoa nini?"

Wakalaza vigae pamoja mpaka jioni, Agatha akimpa kimoja kimoja. Vidole vyao viligusana kila mara, na kila mara Agatha alitamani kusema. Hakusema. Alijipa moyo kwamba msumari ni mwembamba na mistari ya waya imeachana.

*

Tarehe tano ilikuja na ukungu mzito. Padri alinyunyiza maji kila chumba. Wageni walivua viatu mlangoni, akina mama wa kwaya wakaingia kwa vitenge vya sare, na Anselmo, kwenye suti ya kijivu iliyoletwa na meli, alisimama katikati ya chumba cha mama yake.

"Leo mama yangu ataweka miguu juani akiwa ndani ya nyumba," alisema. "Fundi, washa."

Vitalis alikuwa amefika asubuhi hiyohiyo kutoka kazi ya umeme kwa mwalimu mmoja wa Lulindi. Wiki zote hizo hakuwasha, kwa kuwa saruji huachwa ikauke yenyewe bila kuharakishwa. Alivaa shati jeupe jipya. Jenereta ilinguruma uani. Akainua swichi, nayo ikajikata papo hapo. Akainua tena. Ya tatu, mtu mmoja nyuma akakohoa ili asicheke.

Akatoa mita, sasa ikiwa na betri mpya, akapima huku wote wanatazama. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika.

"Waya umejeruhiwa," alisema polepole. "Chini ya vigae."

"Na chini ya vigae alikuwepo nani kama si wewe?" Anselmo aliuliza.

Vitalis aliiweka mita chini. Alimtazama Agatha. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anasubiri, kama mtu anayemsubiri mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo. Bibi Cecilia alikuwa kwenye kiti chake, midomo inatembea bila sauti. Agatha aliinamisha macho.

Barua ya posa ilirudishwa mbele ya padri na kwaya. Anselmo aliitoa kwenye mfuko wa koti, akaiweka juu ya sanduku la vifaa la Vitalis, na kusema mpiga magoti kwenye vigae asidhani anaweza kuoa nyumbani kwake.

Siku tatu baadaye simu ililia.

"Haloo."

"Ni mimi. Usikate."

"Sikati."

"Nitakuuliza mara moja tu, na jibu lako sitalibishia. Kile kiraka kilikuwa cha ndoo?"

Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa wazi. Agatha alimsikia akigeuka kitandani na kuguna, magoti yanamuuma.

"Cha ndoo," alisema.

Kelele za posta ya Masasi zilisikika muda mrefu, mtu anagonga muhuri.

"Haya, Agatha," Vitalis alisema, na akakata. Si Gatha, si wangu.

*

Mji mdogo hauna siri wala huruma. Kabla mwezi haujaisha Vitalis aliitwa Fundi Barafu. Mwalimu wa Lulindi alimpa kazi mtu mwingine. Rose, muuza samaki wakavu sokoni Newala, alimsimulia Agatha habari hizo akifunga samaki kwenye gazeti, akicheka mpaka machozi, hajui anamsimulia nani.

"Sasa karudi kwao kupulizia mikorosho," Rose alimalizia. "Ufundi umemshinda, masikini."

Agatha aliacha samaki juu ya meza. Jumapili hiyo, baada ya ibada, chai ikiwa mezani, alisimama.

"Mjomba, Vitalis hakukata waya. Kuna msumari katikati ya chumba. Majaliwa wa bondeni aliupigilia, na mimi nilikuwepo."

Anselmo alimgeukia mama yake. Bibi Cecilia aliweka kikombe chini kwa mikono miwili ili kisimwagike.

"Miaka kumi na saba nimekulea," alimwambia Agatha, "na leo umenivua nguo mbele ya mwanangu."

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwa mjukuu wake kwa muda mrefu. Tangu hapo, akitaka maji alimwita mpishi. Mficha uchi hazai, wanasema; hawasemi anayeufunua uchi wa mwenzake anapata nini.

Anselmo akasema jambo hili lisivuke mlango, yeye ni mzee wa kanisa. Fundi aitwe arekebishe. Na kama bado anataka, posa imekubaliwa.

"Uandike basi barua kwamba kosa halikuwa lake," Agatha alisema. "Nitaipeleka mwenyewe dukani Masasi, ibandikwe."

Hakuwahi kusema na mjomba wake hivyo. Anselmo aliandika mistari mitatu, na hakuna mstari uliotaja msumari.

Agatha alimkuta Vitalis Chiwata, kwenye shamba la baba yake, mashine ya kupulizia mgongoni. Salfa, ile dawa ya mikorosho, ilikuwa imemgeuza manjano, nywele, kope, mpaka midomo. Aliizima mashine, na kimya kikawa kikubwa. Agatha alisema yote: mganga, msumari wa tano, saruji kwenye kibakuli. Alisema vibaya, akirukaruka, lakini alimaliza.

"Ningesema, Bibi angekufa. Ndivyo nilivyoamini, Mungu, Nnungu wetu, ni shahidi."

"Umesema sasa. Amekufa?"

"Hapana. Ameninyamazia."

Vitalis alitua mashine. "Siku ya vigae sikulaumu. Angekuwa bibi yangu, labda na mimi ningeitaja ndoo. Ila ulipoinamisha macho mbele ya watu, nilijua. Ndoo haitoboi waya, Agatha. Ile simu sikupiga ili nijue. Nilipiga ili uniambie."

"Nakuambia leo."

"Leo nimekwisha kuwa Fundi Barafu."

"Mjomba amekubali posa."

"Nani kamwambia nimeposa tena?"

Agatha alianza kulia. Vitalis aliinua mkono kumfuta, akaona salfa imejaa vidoleni, akaushusha.

"Nakupenda," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake. "Hilo usilitilie shaka, ndiyo maana nimekuja kukaa mahali pasipo na simu. Lakini nikikuoa, kila utakaloniambia nitakwenda kulihakikisha. Ukisema umelala kwa shangazi, nitapita kwa shangazi. Ukisema mtoto ana homa, nitamshika paji kwanza. Mwaka hautaisha utanichukia. Mimi nitajichukia kabla yako."

"Nitavumilia."

"Mimi sitaweza. Nimejaribu kichwani, usiku na mchana, sijaweza." Akainua mashine yake tena. "Sakafu nitakuja kuitengeneza, miguu ya bibi yako haina kosa. Siku hiyo usiwepo nyumbani."

Alikuja Jumatatu. Agatha alikuwa Masasi, amesimama kwenye duka lilelile akiangalia muuzaji anavyobandika mistari mitatu ya mjomba ukutani, kati ya bei za rangi na picha ya kalenda. Watu wawili walisoma, wakaendelea na foleni yao. Aliporudi Newala alikuta vigae vinne katikati ya chumba vimebadilishwa, rangi imepishana kidogo na vya zamani, na mpishi akamwambia fundi hakukaa hata kunywa maji.

Wiki nne baadaye, katika baridi ya mwisho ya mwezi wa nane, waliwasha. Bibi Cecilia alitoka kitandani bila fimbo. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, miguu mitupu, akicheka peke yake kama msichana. Agatha aliingia na uji, akauweka mezani, akageuka kuondoka.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema nyuma yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. "Mbona unaingia na ndala? Vua, uone sakafu ilivyo na joto."

"Najua, Bibi," Agatha alisema, na akatoka na ndala zake miguuni.